Kliniki ya Othoptiki: Tathmini ya Huduma Inayopima Mwendo wa Macho

Anayempeleka mgonjwa kliniki ya macho kwa kawaida hutarajia asomeshwe herufi za ukutani, kisha aandikiwe miwani au dawa ya matone. Huduma ya othoptiki haifuati mkondo huo, na ndiyo maana wengi hutoka chumbani wakidhani kwamba hawakufanyiwa lolote. Nimeifuatilia huduma hii kwa karibu kupitia wagonjwa wawili wa nyumba moja, mtoto wangu wa kiume mwenye makengeza na mama yangu mzazi aliyeanza kuona vitu viwili viwili, katika kliniki ileile na mbele ya mtaalamu yuleyule. Hukumu yangu naitoa mapema: katika kupima, sijaona huduma nyingine ya macho inayoikaribia, lakini katika kumwandaa mgonjwa na jamaa zake kwa kazi inayowangoja nyumbani, bado iko nyuma sana.

Mtaalamu wa othoptiki si daktari mpasuaji wa macho, wala si mpima miwani, ingawa hufanya kazi bega kwa bega na wote wawili. Yeye huchunguza jinsi macho mawili yanavyoshirikiana. Kila jicho huendeshwa na misuli sita, na misuli hiyo hupokea amri kupitia neva tatu zinazotoka kwenye ubongo: neva ya sita huendesha msuli unaolivuta jicho upande wa nje, neva ya nne huendesha msuli wa mshazari wa juu, na neva ya tatu huibeba mingine yote minne pamoja na ule unaoinua kope. Misuli 12 ya macho yote mawili lazima ivute na kulegea kwa ulinganifu, ili picha mbili zinazofika kwenye ubongo ziunganishwe kuwa moja. Ulinganifu huo ukivurugika, mtu mzima huona viwili na hulalamika siku hiyohiyo. Mtoto mdogo, ambaye ubongo wake ungali unajengeka, huizima picha ya jicho moja bila mwenyewe kujua, na jicho lililozimwa hubaki nyuma katika kujifunza kuona. Hilo ndilo jicho vivu. Mtoto wa namna hiyo halalamiki kamwe, kwa kuwa haoni upungufu wowote katika ulimwengu wake. Kwa sababu hiyo huduma hii haiwezi kutegemea maelezo ya mgonjwa, na ubora wake hauna budi kupimwa kwa jinsi inavyogundua kile ambacho mgonjwa hawezi kukisema.

Uchunguzi wa mtoto wangu ulianza kabla hajaketi. Mtaalamu alimtazama akiingia mlangoni, akaangalia anavyokishika kichwa chake, akaniuliza kama jicho hugeuka muda wote au hugeuka akichoka, na kama katika ukoo wetu kuna mwingine mwenye makengeza. Kisha akainua kijiti chenye picha ndogo ya nyumba, akamtaka mtoto ahesabu madirisha. Swali hilo halikuwa la kumchangamsha tu. Picha yenye vitu vidogo humlazimisha mtoto kukaza macho ili aione vizuri, na makengeza ya aina yake hujitokeza hapo hasa, ilhali mwanga mtupu wa tochi ungeweza kuyaficha. “Baba, usiangalie mkono wangu, liangalie jicho la kushoto,” mtaalamu aliniambia, akalifunika la kulia. Jicho la kushoto, lililokuwa limeelekea puani, liliruka nje kidogo na kuidaka picha. Alipoondoa kifuniko, likarudi lilikokuwa.

Baada ya hapo alichukua upau mrefu wenye prizimu, yaani vioo vinavyoupinda mwanga, zilizopangwa kuanzia nyembamba hadi nene, akawa anaushusha taratibu mbele ya jicho huku akifunika na kufunua, hadi mruko ule ulipokoma. Nguvu ya prizimu iliyoukomesha ndiyo kipimo cha makengeza, na kizio chake ni rahisi kueleweka: dioptria 1 ya prizimu huihamisha picha kwa sentimita 1 katika umbali wa mita 1. Alipima kwa karibu na kwa mbali, akayaandika yote, na mtoto alipopata miwani akarudia vipimo hivyo akiwa ameivaa na akiwa ameivua. Kwa mtazamaji, marudio haya huchosha. Faida yake tuliiona baadaye, kwani ilidhihirika kwamba sehemu kubwa ya makengeza hutoweka miwani ikiwa usoni. Mtoto mwenye hitilafu kama yake hulazimika kukaza lenzi za macho ili aone, na kila lenzi zinapokazwa macho huvutwa ndani pamoja nazo. Miwani huzipunguzia lenzi kazi, na mvuto ule hupungua. Bila vipimo vya pande zote, mtu angeweza kumpeleka mtoto huyu kwenye kisu kwa tatizo ambalo kioo kinalitatua kwa kiasi kikubwa.

Kasoro ya kwanza ya kliniki ilijitokeza siku hiyohiyo. Ili kuipata nguvu sahihi ya miwani, mtoto hutiwa matone yanayolegeza misuli ya ndani ya jicho na kupanua mboni. Kazi hiyo ni ya lazima, na ina manufaa mawili: miwani hupimwa bila mtoto kujikaza, na daktari wa macho hupata nafasi ya kuichunguza retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, jambo ambalo halipaswi kurukwa kwa mtoto yeyote mwenye makengeza ya kudumu. Lakini hakuna aliyetueleza wakati wa kupanga miadi kwamba baada ya matone hayo mtoto angeumizwa na mwanga, wala kwamba maandishi ya karibu yangemwia ukungu pengine hadi siku ya pili. Tulifika na daftari la kazi za shule, tukarudi nalo halijafunguliwa. Sentensi moja kwenye simu ingetosha. Kliniki inayopima makengeza kwa usahihi wa dioptria chache haikosi uwezo wa kumwambia mzazi aje na kofia pana.

Kuhusu matibabu yenyewe, nilivutiwa na jinsi mtaalamu alivyokataa kuharakisha mambo. Nilidhani jicho zuri lingefunikwa kwa kibandiko mara moja, kwa kuwa ndivyo watu wengi wanavyoijua tiba ya jicho vivu, na kwa kweli ufunikaji ni wa kale, uliandikwa na waganga wa Ulaya tangu karne ya 18. Yeye alitaka kwanza mtoto avae miwani peke yake kwa miezi kadhaa. Msingi wa uamuzi huo ni kwamba jicho vivu huendelea kuimarika kwa miwani tu kwa muda wa takribani wiki 18, na wako watoto ambao hawahitaji kitu kingine baada ya hapo. Ulipofika wakati wa kufunika, aliagiza saa 2 kwa siku. Nilipouliza mbona kidogo hivyo, alinieleza habari za utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, ambao ulionyesha kwamba kwa jicho vivu la kiwango cha kati, saa 2 za kila siku zilileta maendeleo yanayolingana na saa 6. Utafiti mwingine wa watafiti haohao, wa mwaka 2002, ulikuwa umeonyesha kwamba matone ya atropini, yanayotia ukungu katika jicho zuri, yanaweza kuchukua nafasi ya kufunika kwa watoto wengi. Mzazi anayejua kwamba ana njia ya pili hufuata ile ya kwanza kwa moyo mwepesi zaidi.

Sababu ya kutochelewa nayo ilielezwa vizuri. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa majaribio ya paka wachanga kwamba jicho likizibwa katika kipindi cha mwanzo cha maisha, seli za ubongo zilizopaswa kulihudumia hutekwa na jicho la pili. Kwa binadamu kipindi hicho ni kirefu zaidi, na matibabu huitikiwa vyema kabla ya umri wa miaka 7 hivi, ingawa watoto wakubwa na hata baadhi ya vijana huweza kupata nafuu kiasi. Mtaalamu hakutuahidi zaidi ya hapo. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba takribani robo ya watoto waliofanikiwa hurudi nyuma ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha matibabu, kwa hiyo miadi ya ufuatiliaji haikomi siku jicho linapopona. Watoa huduma wengi wangeiacha habari hiyo ijitokeze yenyewe.

Sasa nije kwenye udhaifu ninaouona kuwa mkubwa kuliko wote. Saa 2 za kila siku hutekelezwa nyumbani, na hapo mtaalamu hayupo. Tulichopewa ni kipeperushi kilichochapishwa kwa herufi ndogo, jambo la ajabu kwa idara ya macho, kikieleza kwamba kibandiko kivaliwe “kama ilivyoelekezwa”. Hakikusema kwamba kibandiko kinapaswa kubandikwa kwenye ngozi na si kwenye kioo cha miwani, kwa kuwa mtoto huinua kidevu au hugeuza kichwa na kuchungulia pembeni kwa jicho lilelile tunalotaka lipumzike. Hakikusema kwamba gundi inaweza kuichubua ngozi ya shavu. Hakikutaja kwamba siku za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu mtoto ananyang’anywa jicho analolitegemea na kuachiwa lile lisiloona vizuri, na hasira yake ni ya haki. Mambo hayo yote mtaalamu aliyafahamu, na nilipomuuliza aliyaeleza kwa ufasaha na kwa subira. Tatizo ni kwamba ilinibidi niulize. Mzazi mnyamavu, au yule anayeona haya kumsumbua mtaalamu mwenye foleni mlangoni, hurudi nyumbani na boksi la vibandiko na hana mbinu, na miezi michache baadaye daftari la kliniki huandika kwamba jicho halikuitikia matibabu.

Kwa mama yangu mambo yalikuwa tofauti, na hapa ndipo huduma ilipoonyesha kilele cha ubora wake. Mama alikuwa akiona picha mbili, moja juu ya nyingine, hasa akishuka ngazi au akisoma. Nyumbani tulihofia kiharusi. Mtaalamu alimketisha, akanyamaza kidogo akimtazama, kisha akamuuliza: “Samahani mama, una picha zako za ujanani?” Mama alishangaa, nami pia. Alikuwa ameona kwamba kichwa cha mama kimeinama kidogo kuelekea bega la kushoto. Alipomwomba akiinamishe kulia, jicho la kulia lilipanda juu waziwazi, dalili ya udhaifu wa neva ya nne ya upande wa kulia. Swali lililobaki lilikuwa kama udhaifu huo ni mpya au wa zamani, na jibu lake lilikuwa kwenye albamu ya familia. Picha ya shuleni na picha ya harusi, tulizozipeleka katika miadi iliyofuata, zilionyesha mwinamo uleule, upande uleule.

Udhaifu ulikuwa wa kuzaliwa. Ubongo wake ulikuwa ukiziunganisha picha za macho yake mawili kwa miongo kadhaa, hadi nguvu ya kuunganisha ilipopungua kwa umri. Mtaalamu hakuishia kwenye picha za albamu. Alipima ni tofauti kiasi gani ya juu na chini ambayo mama anaweza bado kuiunganisha; mtu wa kawaida huvumilia takribani dioptria 3, ilhali mama alivumilia mara kadhaa ya hizo, na uwezo wa namna hiyo hujengeka kwa miaka mingi. Akamfanyia pia kipimo cha Hess, ambapo mgonjwa huvaa miwani ya rangi nyekundu na kijani ili kila jicho lione kitu chake, kisha huonyesha vitone kwenye ubao vinapotokea, na mwishoni hupatikana michoro miwili ambayo ule mdogo ni wa jicho lenye msuli dhaifu. (Walter Hess wa Uswisi, aliyebuni njia hiyo akiwa daktari wa macho, alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1949 kwa kazi nyingine kabisa, ya ubongo.) Daktari wa macho alipitia vipimo vyote na kuuthibitisha uchunguzi huo. Sijui kifaa cha umeme ambacho kingemtuliza mama kama ile picha ya shuleni.

Tiba aliyopewa ilikuwa prizimu ya Fresnel, kipande chembamba cha plastiki chenye mifuo midogo mingi, kinachokatwa kwa mkasi kulingana na umbo la kioo cha miwani na kubandikwa kwa maji tu. Faida yake ni kwamba hubadilishwa kirahisi iwapo kipimo kitabadilika. Hasara zake nazo hazifichiki: mifuo ile hutia ukungu kiasi, hukusanya vumbi, na mtu akisimama mbele yako anaiona mistari kwenye kioo. Mama aliilalamikia tangu alipoivaa, lakini alishuka ngazi bila kushika ukuta. Kipimo kilipotulia, prizimu ilitengenezwa ndani ya kioo chenyewe, na malalamiko yakaisha.

Tathmini ya huduma hii haiwezi kukamilika bila kuigusa taaluma yenyewe, kwa sababu uhaba wake ndio unaoeleza foleni tulizozikuta. Mizizi yake iko katika karne ya 19, kwa Mfaransa Émile Javal aliyetafuta njia ya kuyafundisha macho kushirikiana badala ya kutegemea upasuaji pekee. Nchini Uingereza, Mary Maddox, aliyefunzwa na baba yake Ernest Maddox, daktari wa macho, ndiye anayehesabiwa kuwa mtaalamu wa kwanza wa othoptiki nchini humo. Chama cha wataalamu wa Uingereza kiliundwa mwaka 1937, na shirikisho lao la kimataifa mwaka 1967. Leo Uingereza hutaka shahada ya chuo kikuu, na jina la taaluma linalindwa kisheria. Ujerumani hutoa mafunzo ya miaka 3. Marekani huongeza miaka 2 ya mafunzo juu ya shahada ya kwanza. Katika nchi nyingi taaluma hii haipo kabisa, na kazi yake hugawanywa kati ya madaktari wa macho na wataalamu wa optometria, yaani wapima miwani, ambao mara nyingi hawana muda wa kuufunika na kuufunua uso wa mtoto mmoja kwa nusu saa.

Kijana anayefikiria kuichagua kazi hii ningemshauri kwanza akae pembeni ya chumba cha kliniki kwa asubuhi moja. Hapana upasuaji, hapana ushujaa wa papo hapo. Kuna namba, na namba ileile hupimwa tena baada ya wiki kadhaa ili ionekane imesogea upande gani. Anayependa hesabu na anayeweza kuongea na mtoto wa miaka 3 bila kujilazimisha atafurahi hapo. Uwanja wenyewe ni mpana kuliko unavyodhaniwa: wataalamu hawa huwachunguza wagonjwa wa kiharusi waliopoteza sehemu ya uwanja wa kuona, wagonjwa wa tezi ya shingo ambao misuli ya macho yao imevimba na kukakamaa, na huongoza upimaji wa macho kwa watoto wa miaka 4 hadi 5 wanaoanza shule nchini Uingereza. Mpasuaji wa makengeza naye huvitegemea vipimo vyao ili ajue msuli upi ausogeze na kwa milimita ngapi.

Jambo jingine lililoniridhisha ni kwamba kliniki haikutuuzia mazoezi yasiyohitajika. Kuna watoa huduma wanaodai kwamba mazoezi ya macho humwondolea mtu miwani au hutibu ugumu wa kusoma wa kila aina, na madai hayo hayana msingi. Mahali mazoezi yalipothibitishwa ni pale macho yanaposhindwa kukutana kwa kazi ya karibu; utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 kwa watoto ulionyesha kwamba mazoezi ya wiki 12 yanayosimamiwa kliniki, yakiongezewa na ya nyumbani, yalishinda kwa mbali yale ya kusogeza penseli puani nyumbani. Nilipouliza kama mtoto wangu angefaidika nayo, mtaalamu alijibu kwa neno moja, “Hapana,” akaendelea kuandika.

Kwa upimaji naipa huduma hii alama zote tano. Kwa maelezo na maandalizi ya nyumbani naipa mbili, na sitaongeza hadi kipeperushi kiandikwe upya. Kwa muda wa kusubiri miadi, tatu, nikizingatia kwamba wataalamu ni wachache.

Anayetaka kuitumia aelewe kwamba ni huduma ya miadi, na yapo mambo yasiyongoja miadi. Macho ya mtoto mchanga yanaweza kutangatanga katika wiki za kwanza, lakini makengeza ya kudumu, au yanayoendelea kuonekana baada ya miezi 3, yanahitaji kuchunguzwa. Mboni inayong’aa nyeupe, iwe kwenye picha au kwa macho matupu, impeleke mtoto kwa daktari wa macho bila kuchelewa, kwa kuwa yaweza kuwa saratani ya retina, ambayo wakati mwingine hujitangaza kwa makengeza tu. Na mtu mzima anayeanza ghafla kuona viwili, huku kope limeanguka, mboni moja imepanuka au kichwa kinamuuma vikali, aende idara ya dharura wakati huohuo, kwani huenda mshipa wa damu uliovimba kwenye ubongo unaikandamiza neva ya tatu.